Mlango wa Kabati Hufia Ukingoni

Mlango wa kabati la jikoni ukianza kuharibika, ni nadra kuanzia katikati, pale fundi alipopiga msasa mpaka pakang'aa. Huanzia chini ya sinki, kwenye ukingo wa chini ambao hakuna anayeuinamia kuutazama. Vanishi hupasuka mstari mwembamba, ubao ulio chini yake hugeuka mweusi, kisha ngozi ya vanishi hubanduka vipande vipande kuelekea juu. Mwenye nyumba humlaumu muuza vanishi, kumbe ukingo ule haukupakwa kitu, au ulipitishwa brashi mara moja tu.

Sababu imo ndani ya mti wenyewe. Ubao umejaa mirija myembamba iliyokuwa ikipandisha maji kutoka mizizini, na pale msumeno ulipoukata kichwani, mirija hiyo hubaki wazi. Unyevu hupita kichwani kwa kasi mara 10 hadi 15 kuliko ubavuni. Ubao ukinywa maji huvimba, ukikauka husinyaa, na vanishi iliyokwisha kuwa ngumu haiwezi kuvumilia vuta nikuvute hiyo miaka nenda rudi.

Tena maji ya jikoni hayatoki bombani tu. Kilo 1 ya gesi ya kupikia ikiungua hutoa zaidi ya kilo 1.5 za mvuke wa maji. Kwa hiyo mtungi wa kilo 15 unapokwisha, zaidi ya lita 20 za maji zimekwisha pita hewani, mbali na yale yaliyochemka kwenye sufuria ya maharage. Mvuke huo hupanda pamoja na mafuta ya kukaangia, hufika kwenye makabati ya juu, hupoa na kutulia hapohapo. Katika miji ya pwani kama Tanga, Mombasa na Dar es Salaam, ambako hewa yenyewe ina unyevunyevu, kabati halipati nafasi ya kukauka sawasawa.

Aina ya mbao nayo ina neno lake. Mninga hupendwa na maseremala kwa sababu umetulia, hauvimbi wala kusinyaa sana. Mtiki, unaopandwa katika mashamba kama Longuza mkoani Tanga na Mtibwa mkoani Morogoro, una mafuta yake ya asili. Mafuta hayo huukinga na maji, lakini pia huizuia vanishi kushika, ndiyo maana fundi mzoefu huufuta kwa kitambaa chenye tina muda mfupi kabla ya kupaka. Paini ya shamba la Sao Hill ni laini, hubonyea upesi, na vifundo vyake hutoa utomvu unaoacha madoa juu ya rangi.

MDF ina tabia zake. Ni nyuzi za mbao zilizosagwa na kugandamizwa pamoja na gundi kwa joto. Uso wake hupokea rangi vizuri, lakini ukingo uliokatwa hunyonya maji, na ukishavimba haurudi tena hata ukianikwa juani wiki nzima. Dawa yake ni kuuziba ukingo mapema, ama kwa utepe wa plastiki uliobandikwa vizuri, ama kwa mikono miwili mitatu ya rangi ya kwanza, huku ukipigwa msasa kila mkono unapokauka.

Kisha huja uchaguzi wa vanishi. Vanishi ya NC (nitroselulosi) hukauka kwa dakika chache, kwa sababu kukauka kwake ni kuruka kwa tina tu. Hata baada ya miaka, tina hiyohiyo huweza kuiyeyusha, kwa hiyo kuirekebisha ni rahisi, ila haihimili sana joto, mafuta na maji. Vanishi ya PU (poliuretani) ya makopo mawili huchanganywa na hadina, yaani kigumishaji, na viwili hivyo huungana kuwa ngozi ngumu isiyoyeyuka tena. Hiyo ndiyo inayofaa zaidi karibu na sinki na jiko. Ubaya wake ni kwamba ikishachanganywa haikai muda mrefu kabla ya kuganda, na hadina yake ina kemikali zinazoweza kumletea mpuliziaji pumu. Kitambaa kilichofungwa puani hakimsaidii. Anahitaji barakoa yenye vichujio vya kemikali na mahali penye hewa.

Msimu wa masika huwatesa mafundi wa NC kwa namna yake. Tina inaporuka haraka huupoza uso wa ubao, unyevu wa hewani hugeuka matone madogo ndani ya vanishi mbichi, na mlango uliopuliziwa ukiwa safi huota ukungu mweupe fundi akiwa bado ameshika bomba. Anayejua kazi husubiri mvua ikatike na jua lipande, au hutumia tina inayoruka polepole.

Wenye nyumba nao wana haraka yao. Vanishi ya mafuta au PU ikiguswa jioni yaweza kuonekana kavu, lakini yaweza kuchukua hata wiki 3 au 4 kuwa ngumu kabisa. Taulo bichi likitundikwa mlangoni wiki ya kwanza huacha alama isiyofutika.

Baada ya hapo, utunzaji hauna gharama kubwa. Mafuta yafutwe kila wiki kwa kitambaa laini, maji ya vuguvugu na sabuni kidogo ya vyombo, kisha pakaushwe kwa kitambaa kingine. Stilwaya, sabuni ya unga yenye mchanga na klorini viishie kwenye masufuria na sakafu. Mlango ufunguliwe kwa kishikio, kwa kuwa jasho na mafuta ya vidole hulainisha vanishi pale mkono unapogusa kila siku.

Ili kujua kama vanishi ya mbao imechoka, tone la maji hudondoshwa karibu na kishikio na kuachwa dakika chache. Likisimama kama shanga, ngozi bado nzima. Likizama na kuacha doa jeusi, ni wakati wa kumwita fundi. Kama ubao haujaoza, hakuna haja ya kukwangua kila kitu: uso husafishwa mafuta, hupigwa msasa namba 320 kwa kufuata nyuzi za mti, vumbi hufutwa, kisha hupakwa mikono miwili myembamba ya vanishi ya aina ileile.

Kabla ya malipo ya mwisho, mwenye nyumba amwombe fundi afungue bawaba, aushushe mlango mmoja na kuugeuza juu chini. Apitishe kidole kwenye ukingo wa chini. Ukikwaruza kama ubao mbichi, mlango urudi karakanani.