Alama Hii Inamjibu Nani? Utangulizi wa Upimaji wa Watoto Wanaosomea Nyumbani

Mzazi wa Dodoma au Kisumu ukimwuliza mtihani ni wa nini, atakujibu bila kusita kwamba ni wa kupata cheti. Aliyesomea nje ya shule hujiandikisha kama mtahiniwa wa kujitegemea, hukutana na karatasi ile ile ya wenzake, na akifaulu njia ya kuendelea humfungukia. Mitihani inayochunguzwa katika kitabu hiki ni ya namna nyingine. Haitoi cheti. Mtoto wa darasa la tatu huko North Carolina, Marekani, ambaye mwalimu wake ni mama yake, hujibu maswali ya kuchagua kwa saa kadhaa, na baadaye familia hupokea nambari inayoonyesha amesimama wapi miongoni mwa watoto wa darasa lake nchini kote.

Msomaji mgeni namkaribisha kwa tahadhari moja. Nambari hiyo si alama za mia tulizozizoea. Nafasi ya 60 haimaanishi kwamba mtoto amepata maswali 60 kati ya 100. Inamaanisha kwamba amewapita takribani watoto 60 katika kila 100 wa kundi la mfano, yaani wale waliofanya mtihani huo ulipokuwa ukisanifiwa. Ukiisoma nambari bila kuuliza kundi hilo lilikuwa la akina nani, na la mwaka gani, hujaisoma.

Mitihani hii haikuundwa kwa ajili ya nyumbani. Ile ya Iowa, ambayo hadi leo hutumiwa na familia nyingi, ilianzishwa mwaka 1935 na E. F. Lindquist katika chuo kikuu cha jimbo hilo ili shule zijue wapi wanafunzi wamekwama. Elimu ya nyumbani ilipokubaliwa kisheria jimbo baada ya jimbo, hadi yote 50 yakawa yameikubali kufikia 1993, majimbo mengi yalitafuta namna ya kuhakikisha kwamba mtoto anafundishwa kweli, na chombo kilichokuwa karibu kilikuwa hicho. Kila jimbo likakitumia lilivyoona inafaa. Pennsylvania inataka mtihani katika darasa la 3, la 5 na la 8, pamoja na mkusanyo wa kazi za mtoto unaokaguliwa na mtathmini. Texas haidai mtihani wowote.

New York inastahili tuikalie kidogo. Kanuni zake za mwaka 1988 zinataka alama ya jumla ya mtoto ipite nafasi ya 33, au mtihani uonyeshe kwamba amesonga mbele mwaka mzima tangu ule uliotangulia. Akishindwa yote mawili, mafunzo ya nyumbani huwekwa chini ya uangalizi kwa muda unaoweza kufika miaka miwili. Sasa fikiri nafasi ya 33 ni nini. Kwa jinsi nambari hizi zinavyotengenezwa, karibu theluthi moja ya kundi la mfano haiipiti, na watoto hao wanakaa madarasani, wana walimu wenye vyeti, wala hakuna anayefikiria kuiweka shule yao chini ya uangalizi kwa sababu hiyo. Oregon imechora mstari wake kwenye nafasi ya 15. Kwa hiyo mtoto mwenye nafasi ya 25 anatia wasiwasi katika jimbo moja na anaonekana sawa katika jingine, ilhali anachokijua hakijabadilika hata chembe. Sisemi serikali isiulize. Mtoto ana haki ya kufundishwa hata na mzazi wake mwenyewe, na lazima awepo wa kuitetea haki hiyo. Ninachodai ni kwamba mstari uliochorwa uwe na sababu inayoelezeka.

Watafiti nao wana swali lao: je, watoto wa nyumbani wanawazidi wa shule? Mwaka 1999 Lawrence Rudner alichapisha matokeo ya watoto zaidi ya 20,000, na wastani wao ulikuwa juu sana. Takwimu hizo zimenukuliwa kila mahali. Lakini utafiti ulidhaminiwa na HSLDA, chama kinachotetea elimu ya nyumbani mahakamani. Familia zilijitokeza kwa hiari, na karibu zote zilikuwa za Wazungu. Rudner mwenyewe alionya kwamba matokeo yake hayathibitishi kuwa nyumbani ni bora kuliko shuleni. Onyo hilo halikusafiri mbali kama takwimu zilivyosafiri. Na familia zenyewe zimebadilika: Ofisi ya Sensa ya Marekani ilikuta kwamba kati ya majira ya kuchipua na ya kupukutika mwaka 2020, kaya za Weusi zenye watoto wanaosomea nyumbani zilipanda kutoka asilimia 3.3 hadi 16.1. Picha ya 1999 haiwaelezi hawa.

Mimi huwapa wanafunzi wangu kwanza utafiti mdogo uliochapishwa Kanada mwaka 2011. Sandra Martin-Chang na wenzake walikuwa na watoto 37 wa nyumbani na 37 wa shule, wakawapima wenyewe. Waliofundishwa kwa mpangilio walikuwa mbele ya wenzao wa shule. 12 walioachwa wajifunze bila mpangilio walikuwa nyuma. Idadi ni ndogo, lakini swali limenolewa: nyumbani kunafanyika nini hasa?

Swali hilo ndilo linalomkera mzazi pia, na naamini mtihani humfaa yeye kuliko mwingine yeyote. Yeye anajua kwamba mwanawe aliutumia mwaka mzima kusoma hadithi na hesabu za sehemu hazijaguswa, kwa hiyo anaiona nafasi ya chini katika hisabati na anajua imetoka wapi. Robert Kunzman na Milton Gaither, walipopitia tafiti za fani hii mwaka 2013, walikuta kwamba watoto wa nyumbani kwa kawaida hufanya vizuri zaidi katika lugha kuliko katika hisabati. Kwa nini iwe hivyo? Wastani wa jimbo hauwezi kutuambia. Matokeo ya mtoto mmoja, somo kwa somo, mwaka hadi mwaka, huenda yakatuambia, na North Carolina humtaka mzazi ayahifadhi kwa angalau mwaka mmoja tayari kwa ukaguzi. Anayetaka kuingia katika fani hii aanze kwa kuwaomba wazazi wamwonyeshe karatasi hizo, kisha aketi nao wamweleze mwaka ule walifundisha nini.