Jino likishatibiwa mzizi, usiishie njiani

Gego lilikutesa, usiku hulali, na daktari wa meno akakutibu mzizi badala ya kuling'oa. Alitoa kiini kilichooza, akasafisha mifereji ya mizizi na kuijaza, kisha juu akaziba kwa dawa ya muda. Akakupangia siku ya kurudi. Hukurudi, kwa kuwa jino haliumi tena.

Hapo ndipo wengi hupoteza jino walilokwisha kuligharamia.

Dawa ya muda ni laini, na imekusudiwa kukaa kwa siku au wiki chache tu. Ikilika au kupasuka, mate huingia na bakteria, na mizizi iliyosafishwa huchafuka upya. Kwa kuwa kiini chenye neva kimeshatolewa, jino linaweza kuharibika kimya kimya mpaka uone uvimbe au usaha.

Jambo la pili ni uimara. Sehemu ya jino hilo imeoza, na nyingine imechongwa ili daktari afikie mizizi. Kuta zilizobaki ni nyembamba. Ukitafuna mfupa, linaweza kupasuka hadi kwenye mzizi, na likifika hapo mara nyingi hung'olewa.

Ndiyo maana gego la namna hii kwa kawaida huhitaji kofia. Kofia hushikiliwa na saruji ya meno, na saruji hizo hazilingani nguvu. Zinki fosfeti, inayotumika kwa zaidi ya miaka 100, hushika kwa kukwama tu kwenye mikwaruzo midogo. Glasi ayonoma huungana na jino lenyewe na kutoa floridi. Saruji ya rezini kwa kawaida hushika kwa nguvu zaidi, lakini mate yakiigusa wakati wa kubandika, hudhoofika. Hata mabaki ya dawa ya muda yenye harufu ya karafuu yanaweza kuizuia isigande vizuri, hivyo lazima yasafishwe kwanza.

Hata hivyo, hakuna saruji inayofidia jino lililokwisha. Kofia hudumu zaidi ikikumbatia walau milimita 2 za jino zima kuzunguka juu ya fizi. Kadiri unavyochelewa, ndivyo sehemu hiyo inavyomomonyoka.

Kabla hujatoka kliniki, uliza: dawa hii ni ya muda au ya kudumu? Nirudi lini? Jino langu linahitaji kofia, na gharama yake ni kiasi gani? Hadi litakapokamilika, tafunia upande mwingine. Dawa ikidondoka, usisubiri maumivu. Rudi mara moja.