Espreso ya Nyumbani Inarudisha Hela Kikombe cha Ngapi?

Mashine ndogo za espreso za bei ya chini hujinadi kwa namba moja iliyoandikwa kubwa kwenye boksi: presha ya bari 15. Nyingine zimefika 20. Mnunuzi akiona hivyo anadhani atapata kahawa nzito zaidi. Espreso haihitaji bari 15. Kipimo kilichozoeleka ni bari 9 hivi, maji ya nyuzi 90 hadi 96, na sekunde 25 hadi 30 za kukamua. Hiyo 15 ni nguvu ya juu kabisa ya pampu, na pampu za aina hiyohiyo, ndogo na zenye mtetemo, zimo hata katika mashine nyingi za nyumbani zinazouzwa mara tatu ya bei ya hizo ndogo.

Tena bari 9 si haba. Kwenye kichujio cha milimita 58, kama vile vya mashine za migahawani, presha hiyo inaukandamiza unga wa kahawa kwa uzito wa kilo 240 hivi. Hayo ni magunia manne ya buni, ya kilo 60 kila moja, juu ya dozi ya kikombe kimoja. Maji yakisukumwa hivyo hutafuta upenyo. Unga uliosagwa ovyo, chembe kubwa na vumbi pamoja, huyapa njia ya mkato: upande mmoja unakamuliwa kupita kiasi, mwingine haukuguswa, na kikombe kinatoka kichungu na kichachu kwa pamoja. Kwa hiyo ladha inategemea kisagio kuliko mashine.

Watengenezaji wanajua kuwa wateja wengi hawana kisagio. Ndiyo maana mashine za dola 150 huja na kichujio cha kuta mbili, chenye kitundu kimoja chembamba kinachozuia maji hata kama unga si laini. Povu la dhahabu linapatikana, ladha inabaki ya wastani. Anayenunua kahawa iliyokwishasagwa asihangaike, kichujio hicho kinamtosha. Anayetaka zaidi atenge dola 100 hivi za kisagio cha mkono kinachorekebishika hatua ndogondogo. Blenda ya viungo haifai, hata ikiwa na makali kiasi gani.

Sasa tupige hesabu, kwa makadirio ambayo msomaji anaweza kubadilisha kulingana na bei za mtaani kwake. Dola tuiweke shilingi 2,500 za Tanzania. Mashine ya dola 150 ni 375,000, kisagio 250,000, na mizani ndogo pamoja na vikorokoro vingine 75,000. Jumla 700,000.

Dozi ya vikombe viwili vidogo, ambayo ndiyo inayotumika kwa kapuchino moja, ni gramu 18. Kilo moja inatoa dozi 55. Tano zitamwagwa wakati wa kutafuta usagaji sahihi, zinabaki 50. Kilo ikiwa shilingi 50,000, dozi ni 1,000. Maziwa mililita 150, kwa lita ya 3,500, ni 525. Umeme ndio unaoogopwa bure: wati 1,300 zikivutwa dakika kumi mfululizo hazifiki robo ya uniti, na kwa uniti ya shilingi 360 ni kama 80. Kikombe kizima, 1,600 hivi. Mgahawani ukilipa 6,000, unaokoa 4,400, na zile 700,000 zinarudi kwenye kikombe cha 160. Mnywaji wa kila siku anahitaji miezi mitano na kidogo. Mnywaji wa Jumamosi na Jumapili tu atasubiri mwaka mmoja na nusu.

Ila hesabu hiyo inamfaa aliyekuwa akienda mgahawani kweli. Kama kahawa yako ni ile ya birika, ya mia mbili, kibarazani pamoja na kashata, basi kila kapuchino ya nyumbani inakupunguzia 1,400, na mashine haitajilipa hata ikidumu miaka mia. Nunua kwa kupenda, si kwa kubana matumizi.

Je, uongeze hela? Mashine ya Gaggia Classic, iliyoanza kuuzwa mwaka 1991, tuiweke dola 450, yaani 1,125,000. Ikidumu miaka kumi kwa kikombe kimoja kwa siku, kila kikombe kinabeba shilingi 308 za mashine. Ile ya 375,000 inapaswa kuishi miaka mitatu na miezi minne tu ili iwe sawa nayo. Kinachoamua ni vipuri: mpira wa kuzuia maji ukichakaa, je, utaupata? Na maji: ya kisima cha Dar yenye chumvi huacha ukoko mweupe unaoziba mashine yoyote, ya bei mbaya au ya bei chee. Tumia maji laini, na uondoe ukoko kwa dawa iliyotajwa kwenye kitabu cha maelekezo.

Wenye ndugu ughaibuni wachague ndugu wa kumwagiza. Mashine ya Marekani ni ya volti 120. Huku inataka transfoma ya zaidi ya wati 1,300, dude zito linaloongeza gharama. Shangazi wa Muscat au binamu wa London ana umeme unaokaribiana na wetu na plagi ileile ya pini tatu.

Na kwa wale wa vikombe viwili kwa wiki, ushauri wangu ni birika la moka la dola 30 au 40. Presha yake haizidi bari 2, kwa hiyo si espreso, lakini ukiongeza maziwa ya moto tofauti ni ndogo kuliko ile ya shilingi 600,000 zitakazobaki mfukoni.