MUDA UNAOPOTEA UNALETA AJALI

Ndugu mfanyakazi, hesabu: leo umetafuta spana mara ngapi? Kila mara umepita katikati ya atelie, umeruka nyaya za umeme, pengine umepita chini ya mzigo unaoning'inia. Kazi haikuendelea hata kidogo, na maisha yako yalikuwa katika hatari bure.

Wajapani wa kiwanda cha magari cha Toyota wanaita hasara ya namna hii «muda». Katika lugha yao neno hilo si saa, ni kitu cha bure. Lakini sisi tunalisikia vizuri! Injinia wao Taiichi Ohno, aliyefariki mwaka 1990, alihesabu hasara 7: kutengeneza vitu kupita vinavyohitajiwa, kungoja, kuhamisha vitu bure, kuongeza kazi isiyo na faida, kulundika akiba, kutembeatembea, na kutengeneza vibaya.

Tazama kulundika. Vyuma vimejaa njiani: siku ya moto utatokea wapi?

Anza na mahali pako. Ondoa kisichotumika. Chora umbo la kila chombo ukutani kwa rangi. Nyundo ikikosekana, hata mgeni ataona. Kisha fagia: ndipo utaona mafuta yanayovuja chini ya mashini, mbele mwenzako hajateleza.

Kule Toyota, mfanyakazi akiona kasoro anavuta kamba kumwita mkubwa wake, na kazi inaweza kusimamishwa. Haihesabiwi kosa. Makapita, someni hapa mara mbili.

Nawe mama, nyumbani ni vilevile: petroli isikae katika chupa ya limonadi.