Simu ndani ya chungu: niliyoyaona Gusii

Tembea uone, walisema wahenga, nami nimetembea nikaona. Sisi watu wa Mwambao tukisikia Kisii, fikira zetu hukimbilia ndizi, au vinyago vya mawe laini ya Tabaka wanavyouziwa watalii. Kwamba huko kuna la kujifunza juu ya ualimu, mimi niliyesomea chuoni kwa maalim, juzuu mkononi na mkeka chini, sikulitia maanani.

Mwaliko ulitoka kwa rafiki yangu wa siku nyingi, mwalimu wa shule ya msingi. Basi lilitupitisha Narok, Bomet na Sotik, likatushusha Keroka asubuhi ya ukungu. Keroka ni soko lililokaa mpakani, ukinunua mboga za chinsaga upande huu uko Kisii, ukivuka kutafuta chai uko Nyamira. "Bwakire," nikaamkiwa, nami nikaitika kama nilivyofunzwa garini, wenyeji wakacheka kwa ukarimu.

Niungame mapema, msomaji, kwamba nilikwenda na hukumu yangu mfukoni. Nilikuwa nimeandika zaidi ya mara moja kwamba vyombo hivi vipya vitawafanya walimu kuwa wavivu. Sisi tulisoma kwa loho, kalamu ya mwanzi na wino wa masizi. Ulichoandikiwa ulikihifadhi moyoni, kisha ubao ukaoshwa ukaandikiwa kingine. Chombo kinachotaka kutiwa moto wa umeme kila jioni, nilisema, kitamfunza nani?

Lakini haki ni haki. Hata sisi wa miaka ya sabini na themanini hatukusoma bila mitambo. Redio ya Sauti ya Kenya ilikuwa na vipindi vya shule vilivyotayarishwa na Taasisi ya Elimu ya Kenya. Vipindi vile vilifuatana na kijitabu cha mwalimu kilichomweleza afanye nini kabla ya kipindi, nini kikiendelea, na nini baada ya redio kuzimwa. Kazi ilikuwa ya mwalimu, redio ikimsaidia. Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, taifa liliirudia redio ile ile, pamoja na televisheni na intaneti. Wengi wa watoto walirudi madarasani Januari 2021, na wengine walikuwa wamesikia mengi bila kuwa na mtu wa kuwauliza wameelewa nini.

Shule niliyopelekwa iko Nyamira, juu ya kilima, michai imeizunguka kama zulia. Mwalimu mkuu alinifungulia kabati la chuma. Ndani mlikuwa na vishikwambi vya ule mpango wa serikali ulioanza mwaka 2016, ambao uligawa zaidi ya vifaa milioni moja katika shule za msingi za umma. Viliundwa chini ya Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta pamoja na washirika wao wa ng'ambo. Vichache viliwaka, vingi betri zake zimechoka, kwani hakuna chombo kisichozeeka. Nikajiambia kimoyomoyo, "Si nilisema?"

Siku ya pili nikakaa na mwalimu wa Kiswahili wa Gredi ya Nne, mama wa makamo, mpole wa maneno. Mbele yake lilikuwako andalio la somo, limeandikwa kwa mkono: mada, matokeo yanayotarajiwa, swali dadisi, nyenzo, shughuli, na mwisho tafakuri. Huu ndio utaratibu wa mtaala wa umilisi, ulioanza nchi nzima mwaka 2019, na ujuzi wa kidijitali ni mmoja wa umilisi saba unaodaiwa kwa kila mtoto.

"Mzee, hebu tazama," akaniambia, akafungua simu yake. "Jana usiku nilikuwa nimechoka, nikaiomba akili mnemba iniandikie andalio. Haikuchukua hata dakika."

Nikasoma. Kiswahili chake safi, mpangilio wake safi. Chini ya shughuli palikuwa na maneno haya: wanafunzi watembee ufuoni, waokote makombe, wayahesabu na kuyataja. Nikainua macho, dirishani ni michai na migomba mpaka upeo wa jicho.

"Ufuo upi, Mwalimu?"

"Ndiyo nami nikauliza!" Tukacheka sana. Kisha akasema kwa utulivu, "Mimi siikatai. Imenipa maswali mazuri mawili, nimeyachukua. Lakini hii haijui mimi niko wapi, wala haimjui mtoto anayekaa nyuma. Hayo lazima niyaandike mwenyewe."

Alichotaka kwangu ni sauti. Ekegusii hakitenganishi l na r kama Kiswahili kinavyotenganisha, na yeye mwenyewe, alikiri bila haya, ulimi humponyoka. Jioni ile nikamtungia ubeti wa makusudi, nikausoma polepole mbele ya simu yake:

Radi yalia mlima, wingu jeusi lagura,
Mwalimu amesimama, darasani kwa busara,
Hata taa ikizima, somo halina hasara,
Elimu ndiyo salama, lulu ing'arayo bora.

Kumbe nilikuwa nimejitabiria. Nyanda za Gusii zina sifa ya radi, na kesho yake, somo halijaanza, mbingu ikanguruma na umeme ukakatika. Projekta iliyokuwa tayari ikafa. Nikadhani kipindi kimeharibika. Yule mama hakushtuka. Katika andalio lake, kando ya neno nyenzo, alikuwa ameandika mapema: umeme ukikosekana, simu na chungu. Akatoa chungu kidogo cha udongo, akaitumbukiza simu ndani, sauti yangu ikatoka imenenepa kama ya mtu aliye kisimani. Watoto wakaangua kicheko, kisha wakanyamaza kusikiliza.

Aliwagawa vikundi vya sita sita, chungu kikizunguka. Kila kikundi kisikilize, kirudie, kisha mmoja baada ya mmoja. Kikafika nyuma, kwa kijana mmoja ambaye, nilielezwa baadaye, walimu walikwisha kumhesabu kuwa mgumu wa kichwa. Akiitwa haitiki, akiulizwa hajibu. Kijana akaliinamia chungu kwa sikio la kushoto, akakunja uso. Akageuka, akaliweka sikio la kulia. Uso ukafunguka. "Lulu ing'arayo bora," akasema, kila herufi mahali pake.

Mwalimu alikuwa akimtazama. Akarudia mara ya pili, akamwona akigeuka vile vile. Kipindi kilipokwisha alimwita faraghani, akasimama upande wake wa kushoto, akamwita jina kwa sauti ya chini. Kijana hakutikisika. Akazunguka kulia, akamwita tena, akaitika. Siku hiyo hiyo mama wa mtoto alitumiwa ujumbe ampeleke hospitali apimwe masikio, na mwalimu mkuu akaahidi kumwandikia barua kwa kituo cha kutathmini watoto wenye mahitaji maalumu. Vituo hivyo viko nchini tangu mwaka 1984.

Nikaomba nione alichoandika katika sehemu ya tafakuri. Ilikuwa mistari miwili: "L na r zimeanza kukaa. Akae mbele, sikio lake la kulia lielekee ubao."

Ndugu msomaji, njia nzima ya kurudi sikulala. Chuoni kwetu tulikuwa na mwenzetu aliyekuwa akichapwa kila siku kwa kutorudia anachosomewa. Maalim, Mungu amrehemu, alikuwa mtu mwema aliyetutakia kheri. Hakuwa na kishikwambi wala chungu, na mkeka wake ulikuwa na watoto wengi mno. Sisi wengine tulikuwa tukimcheka mwenzetu yule, nami nilikuwa wa kwanza kucheka.

Siku ya tatu ya kurejea Mombasa nilimfuata sokoni anakouza samaki. Nikasimama kushotoni kwake, nikatoa salamu kwa sauti ya kawaida. Hakugeuka. Nikazunguka upande wa pili, nikatoa salamu tena.

"Waalaikumu salaam, ndugu yangu!" akaitika kwa furaha. "Niwie radhi kama ulikuwa umekwisha kuniamkia. Sikio lile halisikii tangu utotoni."

"Maalim alijua?" nikamuuliza.

"Atajuaje," akasema, akinichagulia changu mzuri, "na hakuna aliyeniuliza?"