Kiini kimoja nyuzi 62, jirani yake 74: je, prosesa inaumwa?

Swali hili wasomaji hawachoki kuliuliza. Mwenye kompyuta amepakua programu ya kupima joto, akaona kiini kimoja cha prosesa kimefika nyuzi 74 huku cha jirani kikiwa 62, akaingiwa na hofu na kwenda kwa fundi. Fundi akatikisa kichwa: kiini "kimechoka", nunua prosesa nyingine. Mara nyingi huo ni uongo, tena uongo wa bei mbaya.

Viini vya prosesa moja havilingani joto hata siku mashine ikiwa mpya. Core i9-9900K ya Intel, iliyoingia sokoni mwaka 2018, ina viini vinane katika safu mbili, vinne kila safu. Vya katikati vimebanwa na majirani wanaochemka. Vya mwisho wa safu, upande mmoja, vimepakana na sehemu ya michoro, ambayo kwenye mashine yenye kadi yake ya michoro hukaa bila kazi. Joto la vya pembeni lina pa kukimbilia. La vya katikati halina.

Kazi nazo hazigawanywi sawa. Tangu 2016, baadhi ya prosesa za Intel huonyesha viini vyao vyenye uwezo mkubwa zaidi, na kazi inayotaka kiini kimoja hupelekwa huko. Ili kiende kasi, huhitaji volteji ya juu, na hapa ndipo penye utamu wa jambo lenyewe: umeme unaoliwa haupandi sambamba na volteji, hupanda kwa kipeo chake cha pili. Volteji ikiongezwa asilimia 10, matumizi huongezeka kwa asilimia 21 hata kabla kasi haijaguswa. Umeme wote huo huishia kuwa joto. Silikoni ikipata moto, transista huvujisha umeme hata zikiwa zimezimwa. Kinachovuja nacho hugeuka joto, na joto hilo huzidisha uvujaji. Tofauti ndogo ya mwanzo hukua yenyewe.

Kisha kuna njia ya kutokea. Joto hutoka kwenye silikoni, likapita tabaka jembamba hadi kifuniko cha shaba, likavuka pesti ya kupitisha joto hadi kwenye kipoza joto. Uwezo wa shaba kupitisha joto ni wati 400 hivi kwa mita kwa kila nyuzi moja; pesti nyingi hazifiki 15. Pesti ikikaa nene mahali pamoja, kiini kilicho chini yake ndicho kinachoumia. Mwaka 2012 Intel iliacha kulehemu vifuniko vya prosesa zake za kawaida, ikaweka pesti chini yake. Wenye Core i7-7700K walilalamika mwaka 2017 kwamba joto liliruka hadi karibu nyuzi 90 kwa kufungua kivinjari tu. Intel ilijibu kwamba miruko hiyo ni ya kawaida na kushauri prosesa isisukumwe kupita kasi yake rasmi. Waliothubutu kung'oa kifuniko na kubadilisha pesti waliona joto likishuka sana. Kwenye 9900K, lehemu ilirudi.

Vihisi joto navyo si vipimajoto vya maabara. Vya Intel hupima umbali uliobaki hadi kikomo, ambacho kwa prosesa nyingi ni nyuzi 100, na usahihi wao ni mkubwa karibu na kikomo hicho. Kompyuta ikiwa imetulia, tofauti ya nyuzi tano huenda ikawa kosa la kipimo tu.

Hayo hayawazuii waganga wa mitaani. Wapo wanaopaka dawa ya meno badala ya pesti. Hukauka ndani ya muda mfupi na kuacha tatizo kubwa zaidi. Wapo wanaoingiza laptopu kwenye friji; ikitolewa, unyevu hugeuka matone juu ya saketi. Wapo wanaouza programu "ya kupoza", kana kwamba programu ina feni. Na hofu ya kuungua ni ya zamani: mwaka 2001 tovuti ya Tom's Hardware walipong'oa vipoza joto mashine zikiwa kazini, prosesa ya Athlon iliungua, lakini ya Pentium 4 ilipunguza kasi na kuendelea. Prosesa za leo zote hujilinda.

Kwa ufupi: pima mashine ikiwa kwenye kazi nzito. Tofauti ya nyuzi 5 hadi 10 iache. Ikizidi 20, au joto likigusa kikomo, safisha vumbi, futa pesti kuukuu kwa spiriti, weka mpya kiasi cha punje ya njegere, kaza skrubu kwa kupishanisha. Fundi akikwambia kiini kimekufa, mwambie afanye hayo kwanza na apime tena mbele yako. Akikataa, chukua kompyuta yako uondoke.