Bomba la moshi halichaguliwi kwa unene

Kwa mkazi wa Cheyo, hapa Tabora, anayejenga jiko la nje, na kwa mkulima wa Urambo au Sikonge anayeandaa bani la kukaushia tumbaku, mazungumzo ya dukani huanzia kwenye upana wa bomba na geji ya bati. Swali linaloamua bomba litadumu misimu mingapi huja mwisho, au haliulizwi kabisa: ndani yake kitapita nini, na kikiwa na joto kiasi gani?

Wanaodai bati nene huhofia mgandamizo. Hebu tupige hesabu. Dohani yenye urefu wa mita 4, moshi ukiwa na nyuzi 200 za Selsiasi na hewa ya nje nyuzi 27, huvuta kwa paskali 15 hivi. Hewa yenyewe ya Tabora, mji ulio karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, inatukandamiza kwa paskali zipatazo 88,000. Hizo 15 ni sawa na uzito wa maji yenye kina cha milimita moja na nusu. Hakuna bati linalopasuka kwa nguvu hiyo. Ila kwa kuwa mvuto wenyewe ni mdogo namna hii, kila tundu, kona kali na kiungo kilicholegea huupunguza, na moshi hurudi ndani.

Kwenye bani, moshi kurudi ndani ni hasara ya mwaka mzima. Tumbaku ilishika mizizi Urambo baada ya mradi wa karanga wa Waingereza kuanguka mwanzoni mwa miaka ya 1950, na inayolimwa huku kwa wingi ni ya mvuke. Jani hukaushwa kwa wiki moja hivi, joto likipandishwa taratibu kutoka nyuzi 35 hadi 70 na ushei, nalo joto hilo hutoka kwenye ukuta wa bomba linalopita sakafuni. Moshi haupaswi kuligusa jani kamwe. Moshi kuligusa jani ni utaratibu wa tumbaku ya moshi ya kule Songea. Bomba likitoboka, daraja la jani linashuka, na cheche moja inaweza kuteketeza bani zima.

Sasa zinki. Bati lililopakwa zinki ni zuri kwa paa kwa sababu zinki huliwa kwanza na kukinga chuma kilicho chini yake. Ndani ya bomba la moshi ina maadui wawili. Wa kwanza yuko karibu na tanuru: joto likikaa juu ya nyuzi 200 kwa muda mrefu, utando huanza kubanduka, na kwenye nyuzi 419 zinki huyeyuka. Wa pili yuko juu, moshi unapopoa. Mvuke wa kuni mbichi hugeuka matone yenye asidi ya jamii ya siki, na zinki haistahimili asidi. Ndiyo maana bomba lililowekwa likiwa jipya linang'aa huoza miisho yote miwili, katikati kukiwa bado kuzima. Hata utando wa daraja la Z275, yaani gramu 275 kwa mita ya mraba kwa pande zote mbili, una unene wa mikroni 20 tu kila upande.

Kwa hiyo mimi nisingenunua bomba la aina moja kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mdomoni mwa tanuru ningeweka chuma cheusi cha milimita 3, bila utando wowote. Kinachofuata kiwe bati la mchanganyiko wa alumini na zinki, ambalo huvumilia hadi nyuzi 300 hivi. Bati la rangi libaki paani: rangi yake huungua mapema na kutoa moshi mbaya.

Fundi asichomee bati la zinki kwa welding, maana ule moshi mweupe humletea homa jioni yake, na mahali palipochomwa hubaki bila kinga. Akunje na kupiga riveti. Kwenye dohani iliyosimama, kipande cha juu kiingie ndani ya cha chini, ili majimaji ya lami yateremke ndani ya bomba badala ya kuchuruzika ukutani. Kwenye bomba lililolala, mshono utazame juu.

Bomba la hewa la choo ni jambo jingine kabisa. Humo hupita hewa baridi yenye unyevu, na plastiki inatosha, mradi juu pawe na wavu wa kuzuia nzi. Jikoni, kinyume chake, msithubutu kutumia plastiki, wala msizibe bomba ili kuhifadhi joto: kaboni monoksidi haina harufu, na inaua watu wakiwa usingizini.

Kabla ya kuwasha bani msimu mpya, bonyeza bomba zima kwa ncha ya bisibisi, hasa upande wa tumboni ambako lami hutuama. Panapobonyea, badilisha kipande hicho kabla jani la kwanza halijaingia.